Mishale ya Hosiana Iliyokwenda Kushoto

Hosiana alianza kuvuta upinde kwa sababu ya bega. Watu wa Masuguru, pale Korogwe mjini, wana maelezo mengine, na baadhi yake yananoga zaidi, lakini ukweli ni bega.

Alikuwa fundi cherehani. Alikuwa ameinama juu ya cherehani tangu usichana wake, na bega la kulia lilivumilia mpaka likachoka, likaganda. Ikafika mahali hawezi kufunga kilemba, wala kufikia zipu ya gauni lake mwenyewe, jambo la aibu kidogo kwa mtu anayeishi kwa kushona zipu za wenzake. Hospitalini, kijana wa mazoezi ya viungo aliushika mkono ule akauzungusha, mpaka Hosiana akamwambia kwa upole kwamba akiendelea atamzaba kibao kwa mkono mzima. Kijana akaacha. Akamshauri atafute mpira wa kuvuta, awe anavuta kuelekea nyuma, taratibu, asubuhi na jioni.

Mpira wa namna ile haukupatikana mjini. Fundi baiskeli alimkatia mpira wa tairi, nao ukakatika siku ya pili, ukamchapa shingoni. Hosiana alikaa sebuleni akikanda shingo, akainua macho, akauona upinde.

Upinde ulikuwa wa marehemu mumewe, Richard. Alikuwa dereva wa mradi wa kilimo wa wageni, na mradi ulipofungwa wale wageni waligawa vitu vyao kwa kura. Mwenzake mmoja alipata friji. Mwingine alipata jenereta. Richard alipata upinde. Ulikuwa wa mbao za rangi mbili zilizogandishwa pamoja, umepakwa vanishi ukang'aa kama meza ya benki, na ncha zake mbili zilijikunja kuelekea mbele kama midomo ya mtu aliyesusa. Mshale haukuja hata mmoja. Richard aliuweka stoo kwa muda, kisha akautundika juu ya televisheni, akauzungushia maua ya plastiki, ukakaa hapo miaka yote, mpaka presha ilipomchukua yeye.

Hosiana aliushusha, akafuta vumbi, akatoka nao uani. Akauvuta mpaka pale bega lilipokataa, akaurudisha taratibu. Kesho yake akavuta tena. Mvua za vuli zilipokuwa zinakatika, bega lilikuwa limeanza kusikia, na kilemba alikuwa anafunga mwenyewe.

Jirani yake, Husna, ambaye mtaani walimwita Mama Faraji kama walivyomwita Hosiana Mama Loveness, alikuwa akimtazama kila asubuhi kutoka upande wa pili wa ua wa mabati.

"Mama Loveness," akamuuliza siku moja, "unavuta, halafu?"

"Halafu narudisha."

"Basi?"

"Basi."

Husna alitafakari. Alikuwa mwanamke mrefu, asiyependa kuona kitu kinafanywa nusu. "Ningekuwa mimi ningetafuta mshale," alisema. "Hivyo ulivyo unafanana na mtu aliyesahau kitu ndani."

Hosiana alijibu kwamba ni mazoezi tu, lakini tangu siku hiyo kila alipovuta alikuwa anajiuliza kitu hicho kingekwenda wapi kama kingekuwapo. Kuvuta upinde mtupu kunachosha akili kuliko mkono. Mwishowe akamuuliza Husna, ambaye ni Mzigua wa Handeni, kama kwao bado kuna watu wanaotengeneza mishale. Husna akamtajia Mzee Mdoe wa Mkata.

Mkata si mbali. Unapanda basi linaloteremka kwenda Dar, unapita Segera, na kabla hujamaliza machungwa uliyonunua dirishani umefika. Mzee Mdoe alikuwa na nyumba nyuma ya barabara, na nyuma ya nyumba shamba la mahindi na muhogo. Mishale yake ilinunuliwa na wakulima wanaofukuza nguruwe na ngedere mashambani, na vikundi vya ngoma ambavyo havikufukuza kitu. Hosiana alimkuta amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, ananyoosha ufito juu ya moto.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Karibu."

Hosiana alieleza anachotaka. Mdoe alisikiliza bila kuacha ufito wake.

"Mumeo mkono wake mrefu kiasi gani?" akauliza.

"Mume wangu amefariki."

"Pole sana." Akaugeuza ufito upande wa pili. "Basi mishale ni ya nani?"

"Yangu."

Mdoe alimtazama, kisha akatazama barabarani, kana kwamba huenda kuna mtu mwingine anayekuja kueleza vizuri zaidi. Hakuja mtu.

"Nyoosha mkono," akasema.

Akampima kutoka kifuani hadi ncha ya vidole. Akauliza upinde wenyewe ukoje. Hosiana, ambaye hakuwa ameubeba, akasema ni mkubwa, ni wa wageni, umetengenezwa kiwandani. Mdoe akatikisa kichwa kwa heshima. Alimtengenezea mishale ya fito za mti wa mkole, minene kama kidole cha mwisho, yenye manyoya ya kanga nyuma na msumari uliopondwa mbele. Ilikuwa mizuri. Hosiana aliipakata njia nzima kama mtoto wa mtu.

Nyumbani alijaza gunia kwa vipande vya vitambaa vilivyobaki kazini, akaliegemeza kwenye ukuta wa bafu, akasimama mbali kidogo, akavuta, akaachia. Mshale ulikwenda kushoto ukakita kwenye mpapai. Wa pili ulikwenda kushoto. Wa tatu ulikwenda kushoto lakini chini, na kwa muda huo alihesabu hilo kuwa maendeleo.

Alilaumu upepo. Hakukuwa na upepo. Alilaumu bega, akapumzika wiki nzima, akarudi, mishale ikaenda kushoto. Alilaumu macho, akaenda kupima, akapewa miwani, na sasa aliiona vizuri kabisa mishale inavyokwenda kushoto. Akaanza kulenga upande wa kulia wa gunia ili apate gunia, jambo lililosaidia isipokuwa pale aliposahau.

Jumamosi moja alisahau. Mshale ulipita juu ya ua wa mabati, na upande wa pili ukasikika mlio kama wa mtu aliyegonga ndoo kwa ngumi.

"Mama Loveness," Husna akaita.

"Abee."

"Njoo uone."

Mshale ulikuwa umechoma simtanki la Husna katikati ya ubavu. Maji yalikuwa yanatoka kwa wembamba kuuzunguka msumari, yanateremka taratibu. Hosiana akanyoosha mkono auchomoe.

"Uache," Husna akasema. "Ukiutoa yatamwagika yote."

Wakasimama wakautazama. Husna hakufoka. Angefoka ingekuwa nafuu. Alinyoosha kidole akaonyesha nyuma ya tanki, penye mafiga yake matatu na kigoda.

"Pale ndipo ninapokaa nikipika," alisema.

Hosiana alikitazama kigoda, kisha mshale. Alichota maji ya tanki kwa ndoo mpaka yakashuka chini ya tundu, akamleta fundi akaliziba kwa plastiki ya kuyeyusha, akaomba radhi mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Kisha akaurudisha upinde juu ya televisheni. Maua ya plastiki alikuwa ameshayatupa, ikabidi ukae hivyo hivyo.

Bega likaanza kukaza tena. Usiku alijipindua kitandani bila kupata upande wa kulalia, lakini kila alipouangalia upinde aliyaona yale mafiga. Zikapita siku, Husna akaja na uji wa muhogo, akakaa, akatazama ukutani.

"Umeacha?"

"Nimeacha."

"Mimi nimekutazama muda wote huu," Husna alisema. "Unasimama vilevile. Unavuta vilevile. Mishale inakwenda palepale. Mkono mbovu hauwezi kukosea sawasawa kila siku. Nenda kamwambie yule mzee mishale yake mibovu."

"Nenda wewe, ni mzee wa kwenu."

"Ndiyo maana siwezi. Mimi nitamwambiaje mzee wa kwetu maneno hayo? Wewe Msambaa, wewe mwambie."

Hosiana alikwenda, safari hii na upinde, umefungwa ndani ya khanga. Alipoufungua mbele ya Mzee Mdoe, mzee hakuugusa mara moja.

"Huu uliwahi kuja hapa," alisema.

"Upinde gani?"

"Huu. Midomo hii sijaiona kwenye upinde mwingine. Alikuja nao dereva mmoja, mrefu, ana sauti ndogo. Nikampa mishale. Akarudi mara kadhaa, kila mara anasema yote inakwenda kushoto. Nikamwambia mkono wake ndio unaokwenda kushoto."

Hosiana alikaa juu ya gogo lililokuwa karibu. "Akasema nini?"

"Akasema sawa, akaniachia mishale yangu."

Hosiana aliijua ile sawa. Richard aliwaambia sawa waliofunga mradi. Alimwambia sawa daktari. Alimwambia sawa hata aliyempa upinde wakati mwenzake anabeba friji. Na kwa muda mrefu alikuwa akiaga kwamba anakwenda Segera kuangalia tairi, akirudi mikono mitupu, anasema tairi hazikuwa nzuri. Hosiana alikuwa amedhani mambo mengine. Hakuwahi kuyasema, lakini aliyadhani kwa miaka.

"Hakuniambia," alisema.

"Mimi pia nisingesema," Mdoe akajibu.

Akauchukua upinde, akapachika mshale wake mwenyewe, akalenga kichuguu kilichokuwa mwisho wa shamba. Mshale ukaenda kushoto, ndani ya muhogo. Akapachika mwingine. Muhogo. Akapachika wa tatu polepole sana, kama mtu anayesoma mkataba, nao ukaifuata ile miwili.

"Upinde una kasoro," akasema.

Aliingia ndani akatoka na upinde wake, mti mmoja ulionyooka, mweusi kwa mafuta na moshi. Aliifuata ile mishale mitatu muhogoni, akaipiga kwa upinde wake. Yote mitatu ikakita kwenye kichuguu, karibu karibu. Mdoe hakufurahi. Alimpa Hosiana ule upinde mweusi avute. Hosiana alivuta mpaka miwani ikateleza, na upote, ile kamba ya upinde, haukufika hata nusu ya njia.

Mdoe akauchukua tena ule wa vanishi, akauvuta bila mshale, akaurudisha taratibu. Aliuvuta kama mtu anayefungua pazia.

"Huu mlaini," alisema.

"Ndiyo."

"Uliniambia mkubwa."

"Ni mkubwa. Sikukwambia mgumu."

Mzee alikaa juu ya kinu chake. Malori mawili yakapita barabarani. "Nimedanganywa na vanishi," akasema hatimaye. "Yule dereva alipokuja nilijua kitu cha wageni kikubwa namna hii lazima kina nguvu. Sikukivuta."

Kisha akamweleza, akiushika mshale katikati kwa vidole viwili. Mshale hauondoki umenyooka. Upote unausukuma kwa nyuma, na mbele ubao wa upinde umesimama njiani, kwa hiyo mshale sharti ujikunje, upite ubavuni, halafu ujinyooshe mbele ya safari, kama nyoka anavyopita kisiki. Upinde mgumu unaukunja hata mshale mgumu. Upinde mlaini hauwezi. Mshale mgumu juu ya upinde mlaini haujikunji, unasukumwa na ubao, unakwenda pembeni.

"Kushoto," Hosiana akasema.

"Kushoto, kwa anayeshikilia upinde kwa mkono wa kushoto. Mshale ukiwa mlaini kupita kiasi, unajikunja mno, unakwenda kulia. Watoto huwa tunawatengenezea myembamba. Wewe ulikuja mtu mzima, sikufikiria."

"Ni kama sindano," Hosiana alisema. "Hariri huishoni kwa sindano ya jinzi."

Mdoe, ambaye hakuwa ameshona kitu maishani, alikubali. Aliokota kipande cha chupa akaanza kukwangua mshale, anazungusha, anaukunja kwa kidole gumba, anazungusha tena. Maganda membamba yalimwangukia miguuni. Baada ya muda alisimamisha mkono.

"Basi haukuwa mkono wake," alisema, si kwa Hosiana hasa. "Ningejua alipozikwa ningekwenda kumwambia."

"Amezikwa kwao, Bumbuli."

"Mbali kidogo," Mdoe akasema, akaendelea kukwangua.

Jioni ile Hosiana aliondoka na mishale miwili iliyokwanguliwa na fungu la fito za kumalizia mwenyewe, maana giza lilikuwa linaingia na basi halimsubiri mtu. Kabla ya kupiga hata mmoja, alihamisha gunia. Aliliweka mwisho wa kiwanja chake, penye ukuta wa matofali wa bohari, ambapo kushoto na kulia hakuna mtu anayepika. Kisha akapiga. Mshale wa kwanza ulikita kwenye gunia. Aliusogelea akauangalia kwa karibu, kwa sababu hakuamini, halafu akaangalia kama kuna mtu ameona. Husna alikuwa ameona.

"Ndiyo hivyo," Husna akasema, akaingia ndani.

Shida ilikuja kwenye zile fito nyingine. Kidole gumba cha Mdoe kilijua ni wapi pa kuacha kukwangua, lakini kidole gumba cha mtu hakipandi basi kuja Korogwe. Hosiana alikwangua kwa kukisia, na mingine ikabaki migumu ikaenda kushoto, mingine ikawa laini kupita kiasi. Mmoja wa hiyo laini ulikwenda kulia mpaka kwenye kamba ya nguo, ukapenya sketi ya sare ya kwaya aliyokuwa ameifua tayari kwa kupiga pasi. Hosiana alificha tundu kwa kuongeza kunjo. Mwenye sketi alikuja akaisifu sana ile kunjo, wanakwaya wenzake nao wakaleta zao zitiwe.

Akiwa katika kushona kunjo hizo ndipo akapata la kufanya. Aliweka viti viwili vikiangaliana, akalaza ule mshale mzuri wa Mdoe juu yao, katikati akautundikia mkasi wake mkubwa wa chuma. Mshale ukabonyea. Akachukua futi yake ya kupimia wateja, akapima umebonyea kiasi gani. Akauondoa, akaweka ufito mwingine, akautundikia mkasi uleule. Kama haukubonyea kama ule mzuri, alikwangua kidogo, akaurudisha. Iliyobonyea mno aliikata kidogo kwa mbele, kwa kuwa aligundua mshale mfupi hukaza. Kazi ilikuwa ya taratibu na aliipenda. Wateja waliokuja kupimwa viuno walisubiri fito zimalizike.

Mahindi yalipovunwa, Mzee Mdoe alimpigia simu. Kila mwaka baada ya mavuno watu wa kwake hupanga boga juu ya kichuguu na kulipiga mishale, na alidhani Hosiana angependa kuona. Hosiana alikwenda kuona, akiwa amebeba upinde. Mwanamume aliyekuwa anapanga zamu, Jabiri, mwenye fulana ya timu ya mpira, aliutazama ule upinde na kumtazama mwenyewe.

"Mwanamke naye anapiga?" akamuuliza Mdoe.

"Ni mteja wangu," Mdoe akajibu.

Jabiri akampa Hosiana zamu ya mwisho.

Mshale wake wa kwanza ulipita juu ya boga ukapotelea majanini, na mtu mmoja akakohoa. Hosiana alipachika wa pili. Alikuwa ameshapiga mamia ya mishale, lakini siku zote jicho lake lilikimbilia kwenye gunia. Sasa, jua likiwa ubavuni na kivumbi cha mabua kikiwa hewani, aliuona wenyewe. Aliuona ukitoka kwenye upinde umejikunja, ukajikunja upande wa pili, halafu ukatulia, ukanyooka, ukaenda. Richard angependa kuona kitu kile. Angetazama, angesema sawa, na Hosiana asingechoka kuisikia.

Boga lilitikisika, likabaki pale pale na manyoya ya kanga yakitokeza ubavuni.

"Huo umo," Jabiri akasema, akauandika kwa kijiti mchangani.

Mdoe aliufuata ule mshale wa kwanza majanini, akautafuta kwa muda mrefu akiwa ameinama, akarudi nao, akaukunja kwa kidole gumba. Akaukunja tena. "Huu nani amekwangua?" akauliza.

"Mimi."

"Mm," akasema, akaufuta vumbi kwa shati lake, akamrudishia.

Hosiana alishika nafasi ya nne, akapewa lile boga kwa sababu wengine wote walikuwa na maboga yao shambani. Alirudi nalo Masuguru juu ya mapaja, injini ya basi ikipiga kelele njia nzima, akashukia kwa Husna kabla ya kwake.

"Umekuwa wa ngapi?" Husna akauliza.

"Wa nne."

"Kati ya wangapi?"

"Tulikuwa wengi."

"Kama wangapi?"

"Watano."

Husna alikubali hilo bila kulizungusha. Alichukua kisu, akapasua boga, akakuta msumari uliovunjikia ndani. Akauweka pembeni ya sinia, akaendelea kukata.